Harufu ya Mwangati na Haki za Watu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, aliyeumba vitu vizuri na akawapa waja wake hisia za kuvitambua, na baada ya kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Kurasa hizi nimeziandika kwa sababu ya chupa moja isiyozidi urefu wa kidole. Ijumaa moja asubuhi, hapa Lushoto, alinijia kijana niliyemsomesha tangu hajaijua alifu wala bee. Akaniamkia, akatoa chupa hiyo mfukoni, akasema, “Maalim, naomba uyanuse haya.” Nikanusa. Yalikuwa mafuta ya ufuta yaliyolowekwa maranda ya mwangati siku nyingi, yakitiwa moto mdogo mara kwa mara, hata yakaishika harufu ya mti huo. Kabla sijamwuliza neno nikawa nimekwisha jipaka viganjani na shingoni.

Kisha akasema, “Maalim, nina masuala mawili. La kwanza, kwa nini harufu hii huuvuta moyo kuliko manukato ya dukani? La pili, je, yafaa kwenda nayo msikitini? Kwani aliyeniuzia maranda aliniambia kwamba gogo lake lilitoka msituni Magamba usiku, pasipo kibali.”

Niliutoa mkono wangu shingoni, lakini harufu ilikuwa imekwisha kaa. Nilimwambia anipe muda nifikiri, maana jawabu la haraka huwa ni jawabu la mwenye kutaka kujiokoa nafsi yake. Na haya ndiyo niliyoyaona baada ya kufikiri.

Kwanza yapasa tuujue mti wenyewe. Wasambaa huuita mwangati, na wengine katika Afrika ya Mashariki huuita mtarakwa. Watu wengi huuita mwerezi, lakini si mwerezi wa Lebanoni. Jamii yake ni ile Waarabu waiitayo arari. Huota katika milima ya Asir na ya Yaman, na ng'ambo ya bahari huota Habeshi, Kenya, milima yetu hii ya Usambara, na kusini hata Malawi. Basi hujaji atokaye Lushoto akasafiri katika milima ya kusini mwa Bara Arabu angeweza kuukuta huko mti wa kwao. Hukua polepole, hupita urefu wa mita 30, na maisha yake ni marefu kuliko ya aliyeupanda na ya wajukuu zake.

Mbao za mwangati ni za namna mbili katika gogo moja. Ile ya nje, iliyo karibu na gome, ni nyeupe, haina harufu ya kutajwa, na wadudu huila. Ile ya ndani, yaani kiini, ni nyekundu, na humo ndimo yalimo mafuta yake. Mafuta hayo ndiyo yaupingayo mchwa, na kwa sababu hiyo nguzo ya kiini cha mwangati hukaa ardhini miaka mingi haijaoza. Basi ile tuiitayo harufu nzuri, kwa mti wenyewe ni silaha na ngome. Tena ngome hiyo huwa imefichwa; mtu hupita chini ya mwangati ulio hai asisikie ila harufu ndogo ya majani, na harufu ya kiini haimfikii ila msumeno umekwisha pita.

Sasa twende kwenye suala la kwanza: kwa nini huuvuta moyo? Wako wasemao kwamba uzuri umo katika harufu yenyewe, kama utamu ulivyo katika asali. Na wako wasemao kwamba harufu ni mazoea tu, kila mtu hupenda aliyoyazoea. Mimi naona kila mmoja amesema nusu. Lau uzuri wote ungalikuwa katika mti, watu wote wangaliupenda sawasawa. Na sivyo ilivyo. Kwangu mimi harufu hii ni sanduku la babu yangu, alimokuwa akihifadhi msahafu na vitabu vyake vya fiq-hi ili visiliwe na wadudu. Nikifungua kifuniko namsikia babu akinisahihisha. Kwa seremala harufu hiyo hiyo ni ujira wa siku. Kwa bwana misitu ni ushahidi, kwani huweza kumjua aliyeficha mbao zile kabla hajaziona. Harufu ni moja, na mioyo mitatu imesikia mambo matatu. Lakini lau ingalikuwa ni mazoea matupu, asingalivutwa nayo mgeni anayeinusa kwa mara ya kwanza. Na wageni huvutwa. Basi Mwenyezi Mungu ameweka kitu katika mti, akaweka na kitu katika moyo, na mapenzi huzaliwa vinapokutana viwili hivyo.

Lakini liko jambo jingine katika harufu ambalo wengi hawaliangalii, nalo ndilo msingi wa maneno yangu. Mwulize seremala achongaye mwangati tangu asubuhi kama anaisikia harufu yake. Atakwambia kwamba aliisikia alipoingia, kisha ikampotea. Na wewe uliyesimama mlangoni umejaa harufu hata kooni. Ndivyo ilivyo kwa kila mwenye kujipaka manukato. Yeye hunusa muda mchache, kisha pua yake huyazoea akasahau. Waliobaki kunusa ni jirani yake safuni, abiria mwenzake garini, na mtu asiyemjua aliyepishana naye njiani. Chakula humfaa aliyekila, na nguo humsitiri aliyeivaa, lakini manukato faida yake kubwa huwafikia wengine. Kwa hiyo nasema kwamba manukato, kwa asili ya kuumbwa kwake, ni zawadi kabla ya kuwa pambo.

Ukilifahamu hili utafahamu kwa nini sharia ikayashughulikia manukato kwa namna ilivyoyashughulikia. Mtume (s.a.w.) aliyapenda, akahimiza kuoga na kupiga mswaki na kujitia manukato siku ya Ijumaa, siku ambayo watu husongamana, na akamkataza aliyekula kitunguu thaumu kibichi asiukaribie msikiti, asiwaudhi wenzake. Amri hizo mbili ni upande huu na upande huu wa jambo moja: pumzi ya jirani yako ni haki yake, nawe usiiingie ila kwa wema. Akafundisha pia kwamba anayepewa manukato asiyakatae, kwani ni mepesi kuyachukua na harufu yake ni nzuri. Angalia katika maulidi yetu: mrashi hupitishwa safu kwa safu, tajiri na maskini wakanyunyiziwa marashi yale yale, wala hapana aulizwaye amechangia nini.

Na pale sharia ilipoyazuia, iliyazuia kwa maana ile ile. Aliyehirimia hija huyaacha, ili mahujaji wote wasimame mbele ya Mola wao hali moja, pasiwe na anukiaye utajiri. Mwenye eda ya kufiwa na mumewe huyaacha miezi minne na siku kumi, kwani harufu nzuri ni tangazo la furaha, na nyumba ile ina msiba. Na mwenye kujitia manukato kwa kujionyesha, ili watu waseme fulani anazo fedha, huyo amegeuza zawadi kuwa majivuno. Chupa haikubadilika, iliyobadilika ni nia.

Hili la nia kila mtu hulikubali. Lakini suala la pili la yule kijana lilikuwa zito kuliko nia, maana nia yake ilikuwa njema. Alitaka kwenda Ijumaa ananukia, kama Sunna ilivyo. Je, nia njema hukisafisha kitu kilichopatikana kwa njia mbaya?

Wanavyuoni wameipokea habari ya Umar bin Abdul Aziz, khalifa mwadilifu aliyefariki mwaka 101 wa Hijra. Miski ya Baitulmali ilikuwa ikipimwa mbele yake, naye akaiziba pua yake. Walipomstaajabia aliwajibu kwa maana hii, kwamba miski haina faida nyingine ila harufu yake. Hakuigusa, wala haikupungua hata chembe kwa pumzi yake, lakini aliona kwamba mali ile ni ya Waislamu wote, na faida yake ndiyo ile ile ambayo pua yake ingeichukua peke yake. Huo ni ucha Mungu wa daraja ya juu, wala hatuwalazimishi watu wote kuufikia. Lakini aliyezuia pua kwa mali ya wote, na aliyenyosha shingo, hawawi sawa. Na aliyenyosha shingo Ijumaa ile nilikuwa mimi.

Kijana yule alikuwa na hoja, nami sitaki kuzificha, kwa kuwa hoja ya mtu ikifichwa hubaki moyoni mwake.

Hoja yake ya kwanza: “Maalim, msitu ule ulikuwa wa wazee wetu. Wajerumani waliuchukua. Basi achukuaye gogo amechukua chake.” Katika maneno haya mna ukweli, wala haifai kuukanusha. Wajerumani waliutwaa mji huu wakauita Wilhelmstal, na kabla ya vita vya mwaka 1914 walijenga njia ya waya kutoka Shume mpaka Mkumbara, ili magogo ya mwangati yateremshwe mlimani mpaka kwenye reli ya Tanga. Huko Marekani mti wa jamii yake, ambao penseli zilitengenezwa kwao, ulikuwa ukipungua, na wenye viwanda walikuwa wakitafuta mwingine mlaini wa kuchongeka, wakauona wetu. Mtoto wa Ulaya aliyechonga penseli ya mti ule alinusa Shume asijue Shume ni wapi. Na leo katika sehemu nyingi za Shume palipokuwa na mwangati pamesimama misindano iliyopandwa kwa safu. Dhuluma ilikuwapo, na aliyedhulumiwa ana haki ya kusema.

Lakini nilimjibu hivi. Mwanangu, umesema msitu ni wa wazee wetu. Hukusema ni wako. Mtu akifa akaacha shamba halijagawanywa, na warithi kumi, kisha mmoja akaenda usiku akakata mnazi akauuza, je, hujitetea akasema nimekata cha baba yangu? Warithi tisa watamwambia, baba ni wetu sote, na mnazi umeuza wewe. Msitu wa Magamba una warithi wengi kuliko hao. Yuko anayeteka maji ya chemchemi zitokazo humo, yuko mwenye shamba la mboga chini ya mlima ambalo halipati maji msitu ukikauka, na wako watoto ambao hawajazaliwa. Dhuluma ya mgeni haikuwaondolea hao haki yao. Bali imewazidishia haja, kwa kuwa kilichobaki ni kidogo. Aliyeibiwa ng'ombe tisa hapewi ruhusa ya kuwaibia ndugu zake yule wa kumi.

Hoja yake ya pili: “Mimi sikukata mti. Nimechukua maranda, nayo ni takataka, nisingeyachukua yangechomwa.” Hapa yapasa tutenganishe. Maranda ya mbao zilizokatwa kwa kibali, anayeyaokota akayafanyia mafuta amefanya vizuri, kwani ameokoa kisipotee kitu kilicho na faida, na kupoteza mali ni jambo lililokatazwa. Na aliyenunua dukani kwa seremala mwaminifu, asiyejua lolote, hana lawama. Asili ya vitu ni uhalali, wala hatukuamrishwa kuwachunguza watu siri zao. Lakini aliyeambiwa na akajua, elimu yake imekwisha mfunga. Kwa wanavyuoni wa madhehebu yetu, kila mkono upokeao kitu kilichoghusubiwa huingia katika dhamana yake, hata kama wa kwanza kughusubu alikuwa mwingine. Tena kwa nini usiku ukakatwa mti? Ni kwa sababu wako wa kununua mchana. Anayenunua maranda leo ndiye aliyelipia msumeno wa kesho.

Hoja yake ya tatu: “Je, sala yangu itabatilika?” Nikamwambia, la. Imamu Shafii na wafuasi wake wanasema kwamba aswaliye na nguo iliyoghusubiwa sala yake ni sahihi, na dhambi ya kughusubu iko pale pale. Lakini angalia ulivyoshuka. Uliyatafuta manukato ili uipate Sunna na thawabu zake, kisha umefika pa kuuliza kama faradhi yako itasalimika. Biashara iliyoanza kwa kutafuta faida, ikaishia kwa kutumai rasilimali isipotee, hiyo si biashara ya mwenye akili.

Akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa adabu, macho yake yakiwa chini, “Na lile sanduku la msahafu, Maalim, mbao zake zilinunuliwa wapi?”

Naapa kwamba katika miaka yote niliyosomesha sijaulizwa swali lililonishika kama hilo. Sanduku limo chumbani mwangu, nimelifungua mara elfu, nimelipenda harufu yake, wala halikunipitia moyoni swali hilo hata siku moja. Nilimwuliza yeye juu ya chupa yake kwa kuwa ilikuwa mpya na ilikuwa yake. Sanduku langu lilikuwa la zamani na lilikuwa langu. Hivyo ndivyo nafsi ilivyo. Hunusa uovu ulioingia leo katika nyumba ya mwenzake, na ule uliokaa kwake miaka hamsini umekwisha kuwa kama harufu ya mwangati kwa seremala.

Kwa hukumu ya fiq-hi sanduku ni halali kwangu, kwani mwenye kushika kitu ndiye mwenyewe mpaka ipatikane hoja ya kumpinga, na urithi usiojulikana dhuluma yake ni mali safi. Nilimwambia hivyo, na ni kweli. Lakini sikutosheka nayo, wala sikutaka yeye aone kwamba mwalimu ana mlango wa kutokea na mwanafunzi hana. Nikamwambia, “Wewe utalipa unachokijua, na mimi nitatoa sadaka kwa nisichokijua.”

Basi tukakubaliana. Yeye aache kununua kwa mtu yule, na thamani ya maranda aipeleke kwa wenye mamlaka ya msitu, maana mwenye haki anajulikana, nao ni umma. Mafuta yenyewe yasimwagwe. Harufu imekwisha changanyika nayo, haitengeki tena. Na kitu kilichochanganyika hata hakitengeki, aliyekichukua hulipa badala yake, na kabla hajalipa haifai kukitumia. Akishalipa, avae kwa raha. Nami nikachukua juu yangu kupanda miche ya mwangati kandokando ya chuo chetu, idadi nitakayoweza kuitunza. Nina umri uliokwisha pita hamsini. Sitaona kiini chake kikiwa chekundu, wala sitanusa ubao wake hata mmoja. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mpandaji hupata thawabu ya sadaka kwa kila ndege na mtu afaidiye kwa alichopanda, hata akahimiza kwamba mwenye mche mkononi, na Kiyama kinasimama, akiweza kuupanda na aupande. Hayo ni maneno ya kumtoa mtu katika kujiangalia pua yake mwenyewe.

Ijumaa ile, kabla ya kwenda msikitini, nilijiosha shingo na viganja kwa sabuni mara tatu. Mafuta ya mwangati hayatoki upesi. Nilipokaa safuni, mzee aliye kulia kwangu aliinama akaninong'oneza, “Leo umenukia, Maalim.” Alisema kwa mapenzi, nami sikuwa na la kumjibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha acha kuisikia.

Ewe ndugu msomaji, usiyachukue maneno haya kuwa ni ya kukukataza manukato. Jipake Ijumaa na Idi, jipake uendapo kumtembelea mgonjwa, mpe mwenzio naye ajipake. Mafuta matupu kama haya ya ufuta na mti hayamo katika ikhtilafu ya wanavyuoni juu ya vileo vitiwavyo katika chupa za viwandani, kwa hiyo moyo hutulia zaidi kuyatumia. Uliza tu yametoka wapi, kwa kadiri ya unavyojua, wala usijifunge macho ili usijue.

Na ukumbuke kwamba iko siku utapakwa manukato usiyoyachagua. Maiti wetu hutiwa karafuumaiti, akanukia kuliko alivyopata kunukia maishani, wala yeye hanusi chochote; wanaonusa ni wale walioinua jeneza. Manukato ya siku ile ni ya wengine kabisa. Na yatakayobaki kwa mwenye kuyavaa ni yale aliyowatendea watu, nao ndio wanaojua harufu yake.

Ewe Mola wetu, tupe kilicho kizuri kwa njia iliyo nzuri, tusamehe tulivyovizoea mpaka tukaacha kuvisikia, na uwarehemu wazee wetu waliotutangulia. Amin.